Benaco tulisimama kula chipsi

Kwenye ratiba niliyoiandika kwa mkono wangu, ikapigwa muhuri wa shule na kugawiwa kwa wazazi 36, Jumamosi ilikuwa na mstari mmoja tu: saa mbili hadi saa tano asubuhi, manunuzi, baada ya hapo, safari ya kurudi nyumbani. Ratiba zote za ziara za wanafunzi nilizowahi kuziona zina mstari huo. Siku ya kwanza ni ya barabarani, za katikati ni za makumbusho na chuo kikuu, ya mwisho ni ya soko. Nina miaka 17 kazini, nafundisha Historia katika sekondari moja ya wilaya ya Kahama, na sijawahi kuuliza mstari huo nani aliuanzisha.

Safari hii soko lilitufungia mlango. Tulikuwa Kigali, na ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano maduka hayafunguliwi, magari hayatembei, na kila mtu mwenye miaka kati ya 18 na 65, mzima wa mwili, anatakiwa awe nje na wenzake wa mtaani wakizibua mitaro, wakifyeka, wakijenga. Kosa ni langu. Kalenda niliitazama sana kabla ya kupanga safari, lakini nilikuwa nakwepa mitihani ya mkoa. Dereva wetu alishawasha gari anapasha injini. Akarudi ndani akaniambia, "Madam, kuna kijana pale njia panda ameniomba nizime gari. Ameniomba vizuri, lakini naona hatanii."

Nikazihesabu saa. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa tano yao ni saa sita yetu. Kutoka hapo Rusumo ni mwendo wa saa tatu, kisha foleni ya mpakani, kisha njia nzima ya Lusahunga hadi Kahama. Wazazi niliwaahidi kufika saa mbili usiku. Nikajua kwamba saa mbili hiyo imekufa.

Watoto walikuwa wameshajipanga uani, mifuko ya sokoni mabegani. Wengi wao ni kidato cha tatu. Rwanda walikuwa wakiijua kwa namba za magari, maana malori yenye namba zinazoanza na RA hupita Kahama usiku na mchana, mengine yakitoka bandarini Dar es Salaam, mengine yakipakia pale Isaka ambako treni huukabidhi mzigo kwa barabara. Mwanafunzi wangu anaweza kukwambia hilo lori ni jipya au la zamani kwa kusoma namba tu. Nchi yenyewe, watu wake, alikuwa hajaiona.

Mama mmoja, kiongozi wa mtaa ule, akaja hadi getini kwenye nyumba ya wageni tulikofikia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kinyarwanda changu kikiishia kwenye "muraho" na "murakoze". Nilichoelewa ni hiki: wageni hawalazimishwi, na watoto wa chini ya miaka 18 ndio kabisa, ila kama tumekaa tu, mtaro upo. Nikasema twendeni. Nisijipambe kwa hilo. Nilichokuwa nakihofia ni saa tatu za watoto 36 na simu zao.

Basi letu lina mlango upande wa kushoto, kama mabasi yote ya kwetu. Rwanda magari hupita kulia. Kwa hiyo tangu Jumatano, kila tuliposimama, mlango ulifungukia katikati ya barabara, nami nikawa nashuka wa kwanza na kusimama mikono nimeitanua kama golikipa mpaka mtoto wa mwisho avuke. Asubuhi ile hapakuwa na gari la kuzuia. Hata pikipiki za abiria, ambazo Kigali wanaziita moto, hazikuwepo. Watoto walitembea katikati ya lami kwa upana wote, wengine wakirudi kinyumenyume, na kwa mara ya kwanza niliusikia mji ule bila injini. Zilisikika sauti za majembe.

Siku ya pili ya ziara tulikuwa Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Iko Kigali pale pale, ilifunguliwa 2004, na zaidi ya watu 250,000 wamezikwa hapo. Niliwaandaa vizuri. Niliwaambia wasicheke, wasipige picha ovyo, wasikimbie, na wakatii. Kuna chumba cha watoto, picha za watoto waliouawa, na chini ya kila picha imeandikwa umri wake na vitu alivyovipenda, hadi chakula. Binti mmoja aliniuliza kwa kunong'ona kwa nini wameandika chakula. Nikamwambia tutazungumza baadaye. Hiyo "baadaye" ya walimu, mnaijua. Usiku ule wakaandika madaftari yakajaa, tarehe zote sahihi: Mkataba wa Arusha, 4 Agosti 1993, ndege ya marais wa Rwanda na Burundi kutunguliwa Kigali, 6 Aprili 1994, wakitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, Mahakama ya Kimataifa ya Arusha, kazi kufungwa mwishoni mwa 2015. Nilisahihisha nikafurahi.

Sasa, kwenye mtaro ule wa Jumamosi, majirani walikuja na majembe, reki, na mapanga ya kufyekea nyasi. Yule yule binti aliyeuliza habari ya chakula akasimama wima. Niliyafuata macho yake. Wanaume watano wamejipanga mstari, wameinama, mapanga yanapanda na kushuka kwa pamoja, na nyasi zinalala. Hakuna cha ajabu hapo. Kwao Kahama baba yake hufyeka hivyo hivyo kila msimu wa mvua. Lakini alikuwa ametoka Gisozi juzi yake, na miguu ilimgoma. Mama mmoja wa makamo, kanga kiunoni, akamtazama, akatazama alikokuwa akitazama, akamwekea jembe mkononi. Hakusema kitu. Akamwonyesha pa kuanzia, wakaanza kulima bega kwa bega. Sijui yule mama alikuwa na miaka mingapi mwaka 1994 wala alikuwa wapi. Najua tu kwamba alielewa, na kwamba hakuna ukurasa wa kitabu changu cha kiada ambao ungeweza kufanya alichokifanya kwa jembe lile.

Nusu saa baadaye tukamkuta mzee.

Ni lazima nieleze habari ya shikamoo. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na watoto wangu, wakijua hivyo, walikuwa wakiwaamkia watu tangu Rusumo. Shikamoo kwa mhudumu, shikamoo kwa mlinzi, shikamoo kwa mama muuza maziwa. Watu wengi walitabasamu, wengine wakajibu "karibu", wengine "sijambo". Marahaba haikupatikana. Ilishakuwa mchezo ndani ya basi: atakayejibiwa marahaba anunuliwe soda.

Mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe pembeni ya mtaro, umri wa kulazimishwa kazi ameshaupita, akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Kijana mmoja akapita na toroli.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hujambo mwanangu? Polepole, hilo toroli halina breki."

Toroli likaachwa hapo hapo. Wakamzunguka kumi, kumi na tano. Babu Kiswahili umejifunzia wapi, Dar?

"Dar naijulia wapi mimi? Benaco."

Wakacheka kwa furaha ya kusikia jina la nyumbani. Mmoja akasema kwa sauti, "Benaco! Tulisimama pale kula chipsi!"

Mzee naye akacheka. "Siku hizi kuna chipsi?"

Hapo ndipo uso wangu ulipopata moto. Ni kweli tulisimama kula chipsi. Jumatano, saa nne asubuhi, tukielekea mpakani, basi liliegeshwa Benaco kati ya malori kwa dakika 40. Watoto wakala chipsi mayai, wakaenda chooni, wakanunua vocha. Mimi nilikunywa chai. Hatua chache kutoka kwenye kikombe changu lilianza eneo ambalo mwishoni mwa Aprili 1994 liligeuka kuwa moja ya miji mikubwa ya Tanzania kwa siku moja. Kuanzia tarehe 28 mwezi ule, ndani ya saa kama 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Umoja wa Mataifa ulisema haujapata kuona watu wengi hivyo wakivuka mpaka kwa haraka hivyo. Jina lenyewe, Benaco, ni la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyowahi kuweka kambi hapo. Haya yote nayajua. Mwaka ule nilikuwa darasa la nne, na malori ya chakula yaliyotoka Isaka kwenda Ngara yalipita mbele ya nyumba yetu yakitimua vumbi hadi mama akaacha kuanika mpunga upande wa barabarani. Ninayajua, lakini nilikunywa chai yangu nikanyamaza, kwa sababu kwenye ratiba Benaco iliandikwa "mapumziko".

Darajani Rusumo nilifanya vibaya zaidi. Walipotaka kupiga picha ya maporomoko niliwapa somo la umeme: mradi wa megawati 80, unagawanywa na Rwanda, Burundi na Tanzania. Wakaandika. Chini yetu ulikuwa unapita Mto Kagera, uliobeba maiti mwaka 1994 hadi Ziwa Victoria, ziwa ambalo samaki wake tunawala Kahama. Nikasema megawati.

Mzee aliwasimulia yeye. Alivuka na mkewe, mtoto mgongoni na sufuria moja ambayo hakumbuki kwa nini aliichukua hiyo na kuacha nyingine. Hema la plastiki. Foleni ya maji iliyoanza alfajiri na kwisha jioni. Mahindi na maharage ya kupimiwa kwa kopo. Kiswahili alikipata kwenye mashamba ya watu wa Ngara, akilima kibarua na kulipwa ndizi. "Neno la kwanza kulijua lilikuwa 'kesho'," alisema. "Kila ukidai ujira, kesho." Watoto wakaangua kicheko, kwa sababu neno hilo hata wao wanalijua vizuri. Desemba 1996 serikali yetu iliwaambia wakimbizi wa Rwanda warudi kwao, na yeye akavuka daraja lile lile kurudi, sasa akiwa na watoto wawili. Mmoja kazaliwa Benaco. "Huyo ni wenu," akasema.

Kijana wa toroli akauliza, "Babu, kwa nini ulikimbia?"

Nikamkatiza. Nikamwambia aende akamalizie udongo. Nilijua swali lile linaelekea wapi. Waliovuka Aprili ile walichanganyika: waliokimbia kuuawa, waliokimbia vita iliyokuwa inasogea, na waliokuwa na damu mikononi, na pale darajani hakuna aliyeweza kuwapambanua. Siku hizi Rwanda mtu hamuulizi mwenzake kabila, sembuse mtoto mgeni kumuuliza mzee hadharani. Basi nikamkatiza, na hadi leo sina hakika kama nilikuwa nalinda heshima ya mzee au uvivu wangu wa kulijibu swali lile darasani. Mzee alinisikia. Akasema tu, "Wakati ule kila mtu alikuwa anakimbia," akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda kumkosoa mtu mwingine.

Saa tano ilipogonga tulikaa kwenye nyasi pamoja na mtaa mzima kwa kikao. Yalisomwa matangazo, bima ya afya, usalama, mtaro mwingine wa mwezi ujao. Hatukuelewa sana. Mwanafunzi mmoja akasema hata sisi tuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ya usafi. Mwenzake akamuuliza mwisho kumwona baba yake ameshika fagio siku hiyo ilikuwa lini. Mjadala ukaishia hapo.

Kuelekea mpakani basi lilikuwa na kelele za aina nyingine. Kwa kawaida watoto wanaorudi kutoka ziara hulinganisha bei. Hawa walikuwa wanabishana kama inawezekana mtu kuwa mwema na bado akakimbia pamoja na wauaji, na kama mtoto aliyezaliwa Benaco ni Mtanzania. Juu ya daraja hakuna aliyetoa simu. Tulipovuka, nikasikia kutoka nyuma, "Madam, tusimame Benaco." Dereva akanitazama kwenye kioo. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja jioni na simu yangu ilikuwa na ujumbe 14 wa wazazi. Nikasema tusimame.

Pale tuliposimama sikuona kibao chochote. Kuna malori, mama ntilie, mafundi wa matairi, na vumbi. Watoto wakamfuata mama mmoja muuza ndizi, wa umri wangu hivi, wakamwamkia, wakamuuliza kama alikuwepo. Akaweka kando kisu cha kukatia mkungu. Aliwaonyesha kwa kidole kilima ambacho chote kilikuwa mahema. Aliwaambia miti ilivyokatwa kwa kuni hadi kina mama wa Ngara wakawa wanatembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja. Akawaambia pia kwamba yeye alijifunza kusuka nywele kutoka kwa msichana wa kambini, na kwamba msichana huyo aliondoka Desemba bila kuaga, kwa sababu wote waliondolewa kwa pamoja. Dakika 25. Ziara nzima ya siku nne, malazi, hati za dharura za kusafiria, kadi za manjano, barua za idhini, na dakika ambazo watoto wangu watazikumbuka wakiwa wazee zilipatikana kilomita chache ndani ya mpaka wetu wenyewe, bure.

Kahama tulifika saa tano na nusu usiku. Wazazi walijaa getini. Mmoja alinikumbusha, mbele ya wenzake, kwamba alimpa mwanawe 50,000 alete kitenge cha Kigali na mtoto amerudi na 50,000 yake na matope ya viatu. Nilimpa pole. Sikumwambia kwamba kwenye soko la Kahama kitenge kama hicho kipo.

Ofisini wenzangu wameniambia nisikuze mambo, soko nalo ni elimu, watoto wanabadilisha fedha, wanajifunza kuomba bei, wanaona mazao ya watu. Sikatai. Mimi mwenyewe nalipenda soko la Kimironko pale Kigali. Ila wapeleke siku ya kwanza, wakiwa bado hawajui la kuuliza. Siku ya mwisho mtoto ameshajaa maswali, na sisi tunamnyima mtu wa kuyajibu tunampa duka. Kisha tunampandisha basi, tunafunga mapazia, tunaweka muziki, kana kwamba elimu iliishia kwenye mhuri wa kutokea. Walimu wa Tanga wanaopeleka watoto Mombasa, wa Bukoba wanaokwenda Kampala, wa Kigoma wanaokwenda Bujumbura, hebu tazameni njia yenu ya kurudi. Mnapita juu ya nini? Nani amekaa pembeni ya hiyo barabara, na kwa nini hajawahi kuulizwa?

Yule binti aliyesimama wima mtaroni alinifuata wiki iliyopita akanikumbusha kuhusu chakula. Tulizungumza, kipindi kizima, na kwa kuwa hakuwa peke yake mlango wa ofisi ulibaki wazi na kidato cha pili wakasimama nje wakisikiliza. Mwalimu wa Hisabati amelalamika kwamba nilimlia muda wake, na ana haki.

Ratiba ya mwakani nimeshaiandika. Soko ni Jumatano. Jumamosi, mahali palipokuwa na neno manunuzi, nimeandika Benaco, kuanzia saa nane mchana. Kinachokosekana ni watu. Kama unaishi Ngara, Rusumo au Benaco yenyewe, na mwaka 1994 ulikuwa umeshapata akili ya kukumbuka, uliuza, ulipika, uliuguza, uliibiwa, ulipokea, ulifukuza, tutapita kwako na watoto 40 na maswali magumu. Tunaomba mtukaribishe. Chakula tutajitegemea.